Kusoma vipimo vya saratani bila kupaniki: mwongozo kamili wa PSA, AFP, ER, HER2 na wenzake, kutoka Mwanza

Mwaka jana mzee mmoja wa Sengerema alikuja dirishani kwetu maabara na karatasi kaikunja mara nne, PSA 11.8, kile kipimo cha damu cha tezi dume, na kabla sijakaa sawa akaniambia kijana wangu mimi watoto nimeshawaita, ng'ombe nimeshagawa. Nikamwambia shikamoo mzee, kwani nani kakwambia una saratani? Akajibu marahaba, si hii karatasi, imeandikwa H. Sasa ile H ni mashine tu inasema namba imevuka mstari, haijui wewe ni nani wala umetoka wapi. Kumuuliza vizuri kumbe siku nne nyuma mkojo uliziba akawekewa mpira wa mkojo, na kuziba kwenyewe pamoja na ule mpira vyote vinapandisha PSA. Daktari akamtibu uambukizo, mpira ukatolewa, wiki sita baadae akarudia kipimo ikasoma 3.4. Ng'ombe nadhani hakurudishiwa, watoto wa siku hizi unawajua.

Mimi sio daktari, ni mtu wa maabara, miaka kumi na mbili nashika chupa za damu na vikopo vya nyama kutoka huku kwetu Kanda ya Ziwa. Naandika hatua kwa hatua jinsi bayomaka zinavyotumika, yaani vile vitu ambavyo mwili au uvimbe unaviacha kwenye damu au kwenye nyama ikawa dalili ya kupimika. Dawa utaandikiwa na daktari wako, mimi nataka uingie kwake unajua unauliza nini.

Hatua ya kwanza, kabla ya yote: kipimo hiki kinajibu swali gani?

Hapa ndo watu wengi wanaanguka. Kuna kipimo kinajibu "kuna kitu au hamna", kingine "ni ugonjwa wa aina gani", kingine "dawa ipi itashika", na kingine "dawa inafanya kazi au ugonjwa umerudi". Kipimo kizuri kwa swali moja kinaweza kuwa cha ovyo kabisa kwa lingine. CEA kwa mfano, alama ya kwenye damu iliyogunduliwa Montreal mwaka 1965, inasaidia sana kumfuatilia mtu aliyeshafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, lakini kumpima mtu mzima tu aliyeamua kuja kucheki afya ni kumtafutia presha, maana hata mvuta sigara inampanda.

Mi huwa nawaambia watu hivi, usiku wa giza ukikaa pale Capri Point ukaangalia ziwani utaona taa za wavuvi wa dagaa. Taa inakwambia kuna mtumbwi. Haikwambii ni wa nani wala ndani kuna nini, mpaka upige kasia uufikie. Bayomaka za kwenye damu nyingi ni taa. Kuufikia mtumbwi ni kinyama, yaani biopsi.

Hatua ya pili: jiandae kabla ya kutoa damu

Kama ni PSA, siku mbili kabla usikutane na mama watoto, na waendesha baiskeli masafa marefu pumzikeni pia. Kama una UTI tibiwa kwanza. Kama unakunywa finasteridi kwa ajili ya tezi dume sema, tena sema kwa sauti, kwa sababu ukishaitumia kama miezi sita inashusha PSA karibu nusu, kwahiyo 3 yako inaweza kuwa ni 6 imevaa koti. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, vile wanavyouza mtandaoni, taja. Mashine nyingi za homoni na za alama za saratani zinachanganywa na biotini na kutoa majibu ya uongo, juu au chini kutegemea na kipimo.

Halafu pimia sehemu ileile kila mara. Mashine za kampuni tofauti hazisomi sawasawa, mtu anapima Mwanza 5.1, anaenda Dar kwa mwanae anapima 6.0, anapiga simu usiku kwamba ugonjwa unakimbia. Hamna kinachokimbia hapo.

Hatua ya tatu: kusoma zile za damu

PSA nimeshaigusa. Mstari uliozoeleka ni 4. Takwimu za wenzetu wa Marekani na Ulaya zinaonyesha kati ya 4 na 10 karibu mtu mmoja kwa wanne ndo anakutwa na saratani akitolewa kinyama, ikipita 10 inakaribia nusu kwa nusu au zaidi. Kwahiyo hata yule mzee, angekuwa hana mpira, 11.8 ingekuwa ni sababu ya kuchunguzwa na sio sababu ya kugawa urithi. Ila ukikuta PSA mia tano na mgongo unauma hata usiku umelala, hapo usisubiri wiki sita, nenda kesho asubuhi, miguu ikianza kufa ganzi hiyo ni dharura ya uti wa mgongo.

AFP ni ya ini. Huku kwetu homa ya ini B ipo ya kutosha, na ndo mama wa saratani nyingi za ini. AFP ikipita 400 na ultrasaundi imeona uvimbe kwenye ini, shaka inakuwa kubwa sana, ila kumbuka karibu theluthi ya wenye saratani ya ini AFP yao iko kawaida tu, kwahiyo AFP nzuri haikupi ruhusa ya kuruka ultrasaundi. Wajawazito AFP inapanda yenyewe. Na hapa kwenye ini ni moja ya sehemu chache ambapo daktari anaweza kuthibitisha saratani kwa CT yenye dawa ya mshipa bila kutoa kinyama, ini likiwa limeshasinyaa au mtu ana homa ya ini B, usishangae ukiambiwa hivyo.

CA-125 inaniumiza kichwa kuliko zote. Mama anakuja tumbo limejaa maji, kapungua, anapimwa CA-125 inatoka 600 wakati mstari ni 35, na mtu mmoja mjuaji anamwambia hiyo ni saratani ya mfuko wa mayai imeshasambaa nendeni nyumbani mkamtunze. Nyie! TB ya tumbo inapandisha CA-125 mpaka mamia, na TB inapona kwa dawa za bure za miezi sita. Ini bovu lenye maji tumboni linapandisha. Hata hedhi na mimba vinapandisha. Yale maji yatolewe yapimwe, kinyama kitolewe, ndo mtu aambiwe chochote. Nimeshaona karatasi ya namna hii zaidi ya moja na kila mara nakasirika upya.

hCG ndo ileile ya kipimo cha mimba, inatumika kwa mimba zabibu, yaani mimba iliyogeuka uvimbe badala ya mtoto. Hii ni bayomaka tamu kuliko zote, uvimbe ukiwepo yenyewe ipo, uvimbe ukiisha inaisha. Mama akishasafishwa anapimwa kila wiki mpaka isome kawaida, halafu anaendelea kufuatiliwa kwa miezi, na katika muda huo asishike mimba nyingine maana itavuruga hesabu. Ikigoma kushuka anaanzishiwa dawa, wengi wanapona kabisa. Kamtego kake kamoja, ikiwa juu kupita kiasi mashine inaweza kuzidiwa ikasoma chini au stika ya kupimia mimba ikaonyesha hamna, kwahiyo tumbo la mimba zabibu na stika hasi vikigongana mwambie mtu wa maabara aizimue damu, yaani aipunguze ukali, apime tena.

Hatua ya nne: kinyama, na hapa nisikilizeni vizuri

Shangazi yangu wa Ukerewe alishika uvimbe kwenye titi. Akakaa nao miezi, akauona mdogo, akatolewa kinyama kwenye hospitali moja ambayo siitaji, wakakiweka kwenye kikopo cha dawa ya mswaki kilichosafishwa, ndani wamemimina maji ya dripu. Maji ya dripu. Kikavuka na meli toka Nansio, kikakaa kwa binamu siku tatu kwa sababu ilikuwa sikukuu, ndo kikanifikia mimi. Nilipofungua kifuniko nilijua kwa harufu tu. Tuliweza kusema ni saratani, lakini vipokezi vya homoni vikasoma hasi vyote na hakuna aliyeviamini. Ikabidi atobolewe tena. Kinyama cha pili kikawekwa vizuri, na ER, kimojawapo cha hivyo vipokezi, ikatoka chanya, asilimia 90. Yaani tungekubali yale majibu ya kwanza shangazi angekosa dawa ya vidonge ambayo ndo anakunywa mpaka leo.

Kwahiyo ndugu wa mgonjwa, hata kama wewe sio mtu wa hospitali, haya unaweza kuyaangalia kwa macho yako.

Kikopo kiwe na fomalini, ile ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, sio spiriti, sio maji ya chumvi, sio maji ya bomba. Iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa nyama, kinyama kielee sio kibanwe. Kiingie humo ndani ya saa moja toka kimetoka mwilini, na kikae kati ya saa 6 na saa 72 kabla ya kuchakatwa, chini ya hapo hakijaiva, juu ya hapo kinaanza kuharibu vipimo vya vipokezi. Kikopo kiwe na mdomo mpana, maana nyama inaingia laini inatoka imekakamaa kama muhogo mkavu, tumeshavunja vikopo vingi kwa sababu hiyo. Jina liandikwe kwenye ubavu wa kikopo na sio kwenye kifuniko, vifuniko vinabadilishana.

Na kama wametoa titi zima wakalitumbukiza kwenye ndoo bila kulichana, fomalini inaingia polepole sana, kama milimita moja kwa saa, nje inaiva ndani inaoza kama sangara mkubwa uliyemwekea barafu juu tu. Lichanwe vipande kama mkate lakini visiachane. Hilo ni la daktari wa upasuaji, ila kuuliza sio kosa, unauliza kwa adabu tu, "daktari samahani, limechanwa?"

Hatua ya tano: kusoma karatasi ya titi

Karatasi ya kwanza ikishasema ni saratani, usikubali kuanza matibabu makubwa kabla ya karatasi ya pili yenye ER, PR na HER2, labda daktari akupe sababu ya kueleweka. Hizi tatu ndo zinagawa njia.

ER na PR ni vipokezi vya homoni. Kuanzia asilimia 1 kwenda juu ER inahesabika chanya, kati ya 1 na 10 inaitwa chanya ya chini na hapo daktari anapima mwenyewe. Chanya maana yake uvimbe unakula homoni ya kike, basi unaukatia chakula. Tamoksifeni, kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, miaka 5 na wengine wanaenda mpaka 10. Waliokwisha koma hedhi wanaweza kupewa letrozoli au anastrozoli, lakini mama ambaye bado anaona siku zake asipewe hizo peke yake, hazishiki kama mayai bado yanafanya kazi. Na usiache kwa sababu umenenepa na unajisikia vizuri! Shangazi mwaka wa pili alitaka kuacha, anasema mwanangu mbona nimepona, nikamwambia shangazi umepona kwa sababu unavinywa.

HER2 inaandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya. 0 na 1+ kwa hesabu ya kawaida ni hasi. 2+ ni "sijui", na hapo ndo kinatakiwa kipimo kingine kinachohesabu jini yenyewe, kinaitwa FISH, na hapana, hakihusiani na samaki wa soko la mwaloni wa Kirumba. Mtu asikusukumie 2+ kama chanya wala hasi kabla ya hicho. Ikiwa chanya, kuna trastuzumabu, dawa iliyoruhusiwa Marekani 1998 na WHO ikaiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu 2015. Kwa saratani ambayo haijasambaa kawaida ni dripu au sindano kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na kabla ya kuanza unapigwa eko ya moyo, halafu tena kila baada ya miezi kama mitatu, kwa sababu inaweza kuulegeza moyo. Bei yake ni ya kukaa chini, kwahiyo uliza bima mapema, siku majibu yanatoka na sio siku ya dripu ya kwanza. Toka 2022 kuna dawa mpya zaidi kwa wale ambao saratani imesambaa na wana 1+, au 2+ ambayo FISH imesema hasi, ndo maana tunza namba yenyewe, usikariri tu neno hasi.

Zote tatu zikiwa hasi wanaita tripo negativu. Hiyo kemo ndo nguzo, vidonge vya homoni havina kazi. Ipo kweli kwa wanawake wa kwetu, tena zaidi ya kwa wazungu, lakini nyingine ni za kutengenezwa na kikopo kibaya kama cha shangazi. Swali la kuuliza ni hili, "vijifereji vya titi vya kawaida vilivyo kwenye kinyama hichohicho vimepokea rangi ya ER?" Hivyo ni vizima, vinatakiwa vipokee. Kama na vyenyewe vimebaki vyeupe basi kipimo kimefeli, uvimbe usilaumiwe, rudieni.

Hatua ya sita: mambo ya huku kwetu ambayo hayasubiri

Mtoto, mara nyingi wa miaka minne mpaka kumi hivi, taya limevimba au jicho linasukumwa nje, meno yanalegea. Watu wanampeleka kung'oa meno. Ndugu zangu, ule unaweza kuwa uvimbe wa saratani alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutoka hapo ng'ambo ya ziwa, Uganda, na ni sampuli za hukohuko zilizopelekwa London ndo zikafanya virusi vya EBV vionekane 1964. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwenye kinyama bayomaka yake ni Ki-67 inayokaribia asilimia 100, yaani karibu kila seli inagawanyika, na jini ya MYC imehama mahali pake. Kwenye damu kimeng'enya kinachoitwa LDH kinapanda, na asidi ya yuriki inaangaliwa kabla na baada ya kemo kwa sababu uvimbe unayeyuka haraka mpaka figo zinazidiwa. Unajibu kemo vizuri sana. Usipande dala dala kwenda kwa mganga, panda kwenda hospitali ya Bugando.

Wengu kubwa ni lingine. Ziwani wengu likivimba tunasema malaria, au kichocho cha tumbo, na mara nyingi ni kweli. Lakini kama picha kamili ya damu inaonyesha chembe nyeupe laki moja na zaidi, hiyo sio malaria wala kichocho, inaweza kuwa saratani ya damu, omba kipimo cha BCR-ABL. Ni jini mbili zilizoungana vibaya baada ya kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande, na mabaki yake yanaitwa kromosomu ya Philadelphia toka 1960. Ipo katriji yake inayoingia kwenye mashine ya GeneXpert, ileile familia ya mashine ya TB. Ikiwa chanya kuna imatinibu, vidonge, toka 2001, na huu ndo mfano bora duniani wa bayomaka moja kukuonyesha ugonjwa, dawa na maendeleo kwa pamoja: miezi mitatu unataka ishuke chini ya asilimia 10, miezi sita chini ya 1, mwaka chini ya 0.1. Isiposhuka muulize daktari, ila kwanza jiulize mwenyewe vidonge ulivyoruka.

Mkojo wenye damu usitafutiwe kipimo cha damu cha saratani. Kichocho cha kibofu, kile cha mabwawa na mashamba ya mpunga huko bara, kinaweza kuleta saratani ya kibofu kikikaa miaka, na jibu lake ni kamera ya kibofu na kinyama. Mlango wa kizazi kipimo chake ni DNA ya virusi vya HPV, aina ya 16 na 18 zinabeba karibu asilimia 70 ya saratani hiyo, chanya maana yake uangaliwe, haimaanishi umeshaugua.

Mapafu nitapita haraka, jini ya EGFR ikiwa imebadilika kuna vidonge, lakini kwanza hakikisheni sio TB.

Hatua ya saba: kufuatilia

Nunua daftari la kaunta. Tarehe, namba, kizio chake, maabara, na dawa uliyokuwa unatumia siku hiyo. Namba moja haina hadithi, tatu zikifuatana zina hadithi. PSA inapungua nusu kila siku mbili tatu, kwahiyo baada ya kutoa tezi lote isubiriwe wiki sita mpaka nane ndo isomwe, na itegemewe kuwa karibu na sifuri. Waliopigwa mionzi haiendi sifuri, inatambaa chini miezi mingi, na wanaanza kusema imerudi ikipanda kwa 2 juu ya ile ya chini kabisa uliyowahi kuifikia. AFP inapungua nusu kwa siku tano mpaka saba. Ukipima siku tatu baada ya upasuaji unajitafutia stresi tu kwa hela yako.

Hatua ya nane, ukipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar

Usiende na karatasi peke yake. Kinyama chako kiko kwenye bloku ya nta, kitu kidogo kama kipande cha sabuni, na kinatunzwa miaka mingi, Dar wanaweza kukata hapohapo wakafanya vipimo vingine bila kukutoboa upya. Nenda maabara iliyokupa majibu, omba bloku na slaidi kwa barua ya daktari, saini, andika namba ya patholojia kwenye daftari lako, na ukishamaliza uirudishe. Slaidi zifunge kwa tishu ndani ya kiboksi kigumu. Bloku weka kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye buti ya basi wala dirishani kwenye jua, ile ni nta, kutoka stendi ya Nyegezi mpaka ufike Dar ni siku nzima ya joto na kuna mtu mmoja ilimfika imelainika ikabidi tuigandishe upya.